Askofu Edward Steere, Mtu wa Kazi Nyingi

Wazee walisema, mshika mawili moja humponyoka. Neno hili ni kweli, na yeyote aliyepata kufundisha shule asubuhi na kulima shamba jioni amelionja. Walakini hutokea, mara moja moja, mtu ashikaye mawili, na matatu, na matano, wala halimponyoki hata moja. Hapo hatuna budi kuuliza: Je, methali imekosa, au mtu huyo alikuwa na siri yake?

Basi katika kurasa hizi twataka kutazama maisha ya mtu mmoja wa namna hiyo, Edward Steere, Askofu wa tatu wa ile misheni iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu, aliyefanya kazi Unguja katika karne ya 19. Mtu huyu alikuwa mwanasheria, na mpiga chapa, na mwalimu, na mfasiri, na mjenzi, na msafiri wa miguu, tena kasisi. Hatumtazami kwa ajili ya kumsifu tu, maana sifa za marehemu ni rahisi. Twamtazama kwa sababu kila asomaye Kiswahili kwa herufi za Kirumi anapita katika njia ambayo yeye alikuwa mmoja wa walioifyeka. Nayo ni haki mpita njia ajue njia yake ilifyekwa na nani, na kwa jasho la nani.

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei mwaka 1828. Alisoma katika Chuo cha University College mjini humo, akashika elimu ya sheria, akafuzu hata kufika daraja za juu. Mwaka 1850 alipewa ruhusa ya kusimama mbele ya mahakimu na kutetea watu. Kwa kijana wa siku zile hiyo ilikuwa njia ya mali na heshima. Lakini moyo wake ulikwenda kwingine. Aliandika kitabu juu ya kuwako kwake Mungu, akakitoa mwaka 1856, na mwaka uo huo akaiacha sheria akatiwa ushemasi. Miaka miwili baadaye alikuwa kasisi, akatumwa katika nchi ya Lincolnshire, upande wa mashariki wa Uingereza, kwenye kijiji cha pwani kiitwacho Skegness, kisha mwaka 1862 akapewa mtaa wa Little Steeping.

Watu wa kule walikuwa wakulima na wavuvi, wala hawakuwa na haja ya mwanachuoni wa kuwatazama kwa mbali. Steere hakuwatazama kwa mbali. Tangu ujana alipenda kazi za mikono, na watu wakamjua kuwa ni kasisi asiyeogopa kuvua koti na kukunja mikono ya shati. Tuliweke neno hili moyoni, kwa kuwa ndilo litakaloeleza mengi yaliyofuata.

Sasa hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1857 David Livingstone alisema na watu wa chuo kikuu cha Cambridge, akawaomba waende Afrika. Kwa maneno yake misheni ikaanzishwa, na Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, akafika nchi za mto Shire mwaka 1861. Haukupita muda. Mtumbwi uliochukua dawa zake ulipinduka mtoni, naye akafa kwa homa tarehe 31 Januari mwaka 1862. Wenzake kadha wakafa vilevile. Kazi iliyoanzwa kwa vigelegele ikageuka matanga.

Aliyechaguliwa kushika mahali pake ni William Tozer, kasisi wa mtaa wa jirani na rafiki mkubwa wa Steere. Tozer alipoondoka mwaka 1863, Steere alikubali kumsindikiza kwa muda mfupi tu. Muda mfupi huo ukawa karibu miaka 20. Ndivyo mambo ya dunia yalivyo: mtu hufunga mzigo wa safari ya siku mbili, akazikwa huko aendako.

Tozer aliwaongoza wenzake juu ya mlima Morambala, penye ukungu na watu wachache, akaona ya kuwa kazi haiwezi kushika mizizi pale. Akakata shauri la kuondoka kabisa na kwenda Unguja. Livingstone alikasirika sana, akaona ya kuwa hao wamekimbia. Nasi twaweza kumwelewa, kwa kuwa watu walioteswa walikuwa bara, na Unguja ni kisiwa. Lakini Tozer na Steere walitoa hoja ya namna nyingine. Walisema kwamba bara haitafunuliwa na Wazungu wachache wafao kwa homa, bali na Waafrika wenyewe waliofundishwa. Tena lazima mafundisho yao yawe katika mahali penye njia za kwenda kila upande. Mahali hapo palikuwa Unguja. Wakatia nanga huko tarehe 31 Agosti mwaka 1864.

Unguja ya siku hizo ilikuwa soko la dunia: pembe, karafuu, gundi, nguo, na watu. Kwa hesabu za forodha, katika miaka ya 1862 hata 1867 watumwa karibu 20,000 kwa mwaka walipitishwa Kilwa peke yake, wengi wao wakiletwa Unguja. Sultani, Seyyid Majid, alimpa Tozer watoto watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio wanafunzi wa kwanza. Hawakuwa na baba wala mama wa kuwaulizia, wala hawakuweza kusema na walimu wao, maana wao walijua lugha za kwao bara, na walimu walijua Kiingereza. Kati ya pande mbili hizo palikuwa na lugha moja tu ya kukutania, nayo ni Kiswahili.

Hapo ndipo kazi kubwa ya Steere ilipoanza. Mtu asidhani ya kuwa alikuta nyumba tupu. Kiswahili kilikuwa kimeandikwa kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla hajazaliwa. Palikuwa na tenzi na mashairi, palikuwa na masheikh wenye elimu, na palikuwa na watu wa mji waliojua kupima neno kama sonara apimavyo dhahabu. Wala yeye hakuwa Mzungu wa kwanza kuitazama lugha. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitoa kitabu cha sarufi mwaka 1850, naye alifuata usemi wa Kimvita. Steere alikaa Unguja, akashika Kiunguja.

Namna yake ya kujifunza yafaa kutazamwa na kila mwalimu. Hakukaa chumbani na kamusi, kwa kuwa kamusi ya kumtosha haikuwako. Alikwenda kwa watu wa mji, akasikiliza hadithi, akaziandika kama zilivyosemwa, akarudi kuuliza maana ya neno moja moja. Alipojaribu kufasiri, aliwapa wenyeji waisome kazi yake, ili waseme kama ni Kiswahili au ni Kizungu kilichovikwa kanzu. Tendo hilo ni dogo kulisema, lakini ni zito kulifanya. Maana daktari wa sheria alikubali kusahihishwa kama mtoto wa chuoni.

Matunda yake yalitoka mwaka 1870, alipokuwa Uingereza kwa muda. Mwaka huo alitoa vitabu viwili. Kimoja ni kitabu cha sarufi na maneno ya Kiswahili kama kilivyosemwa Unguja. Humo aliyapanga majina kwa ngeli zake, akaonyesha jinsi jina moja litawalavyo maneno yote ya sentensi: kitu hiki kizuri kimevunjika, vitu hivi vizuri vimevunjika. Wazungu waliokuwa wakitafuta katika Kiswahili mambo ya Kilatini, wasiyaone, wakadhani ya kuwa lugha haina sheria, walipata jibu lao humo. Mwanasheria ndiye aliyewaonyesha ya kuwa lugha ina sheria zake, tena ni sheria zisizopindwa. Kitabu cha pili kilikuwa mkusanyo wa hadithi za Unguja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande huu. Kisa cha punda wa dobi kimo, na habari za Sultani Darai zimo, na habari za Liongo zimo. Hadithi ambazo bibi husimulia usiku, na asubuhi hufa pamoja na moto, zikapata mahali pa kukaa.

Lakini kuna jambo jingine ambalo watu hulisahau, nalo latugusa zaidi. Mbali na Kiswahili, Steere alikusanya maneno na sarufi ya lugha za bara: Kishambala, kitabu kilichopigwa chapa Unguja mwaka 1867, Kiyao, mwaka 1871, Kimakonde, mwaka 1876, tena Kinyamwezi na nyinginezo. Je, mtu aliyekaa kisiwani alizipataje lugha hizi zote? Sehemu kubwa alizipata kwa hao watoto na watu wazima walioletwa Unguja kwa biashara ya watumwa. Lugha za nusu ya Afrika zilikuwa zimekusanyika katika kisiwa kimoja, wala hazikuja kwa hiari, zilikuja na minyororo. Mtoto aliulizwa, Kwenu mto huitwaje? Mama huitwaje? Naye akajibu kwa neno la kijiji asichotazamia kukiona tena. Tukivifungua vitabu vile tukaona maneno yamepangwa kwa mistari safi, tukumbuke ya kuwa kila mstari ulitoka katika kinywa cha mtu aliyepotezewa kwao.

Tena vitabu havijipigi chapa. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kupiga chapa, na Steere aliijua kazi hiyo kabla hajafika Afrika. Akawafundisha wavulana kupanga herufi za risasi, moja moja, kinyumenyume, na kutia wino, na kuvuta mkono wa mtambo. Walimu wengine wangalitosheka kuwafundisha kusoma. Yeye aliwafundisha kukitengeneza kisomwacho. Mtoto aliyeuzwa sokoni jana, kama bidhaa isiyo na jina, leo amesimama mbele ya sanduku la herufi, na neno haliwezi kutoka mpaka yeye aliweke mahali pake. Kama twatafuta mfano wa utu kurudishwa kwa mtu, sijui kama upo ulio wazi kuliko huo katika habari zetu za karne ile.

Katika kufasiri Maandiko Steere alikabiliwa na shida ambayo wafasiri wote waijua. Ataliitaje jambo ambalo watu hawajalisikia? Wapo wafasiri wa nchi nyingine walioleta maneno mageni ya Kiyunani au ya Kilatini. Steere aliona ya kuwa Kiswahili kina maneno yaliyokwisha kuzoewa: dhambi, toba, imani, neema, malaika, roho. Watu wa pwani waliyapata kwa njia ya Uislamu, wakayatumia karne nyingi. Naye akayatumia bila kuona haya, akijua ya kuwa neno ni mali ya watu walisemao. Kufika mwaka 1879 Agano Jipya lote lilikuwa limefasiriwa. Biblia nzima ilikamilishwa na wenzake baada ya yeye kufa.

Na sasa tufike Mkunazini. Tarehe 5 Juni mwaka 1873 Seyyid Barghash, aliyemrithi nduguye Majid, alitia mkono mapatano na Waingereza, na soko la watumwa la Unguja likafungwa. Tuseme wazi ili mtu asidanganyike: kilichofungwa siku ile ni soko na biashara ya baharini, si utumwa wenyewe. Amri ya kuondoa utumwa Unguja ilitoka mwaka 1897, na hata baada ya hapo wengi walikawia kupata uhuru wao. Lakini mahali paliposimamishwa watu wakatazamwa meno kama punda, siku ile palikuwa kimya.

Misheni ikakipata kiwanja kile, sehemu kwa fedha ya mmoja wa makasisi wake, Arthur West. Steere alikuwa amekwisha kurudi kutoka Uingereza, naye alianza kwa nyumba ndogo hapo hapo sokoni, akifundisha kwa Kiswahili mbele ya yeyote apitaye, na watu wa mji wakaja kumsikiliza na kubishana naye. Siku ya Kuzaliwa Bwana, mwaka uo huo wa 1873, jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Ndilo Kanisa la Kristo, na altare yake, kama ijulikanavyo, iliwekwa mahali penye mti waliofungiwa watumwa wakachapwa viboko.

Michoro ilipata msaada wa wajuzi wa Ulaya, lakini aliyeamka alfajiri kuwasimamia mafundi, na kupima chokaa, na kubishana na mwashi juu ya nguzo, ni Steere. Wasomaji walioziona nyumba za kale za Unguja watakumbuka ya kuwa vyumba vyake ni virefu na vyembamba. Sababu yake ni boriti: boriti za mikoko hazina urefu wa kuvuka mahali papana. Basi kanisa pana litaezekwaje? Kuagiza mbao kubwa au chuma kutoka ng'ambo kulikuwa na gharama na taabu. Steere akakata shauri la kutengeneza dari la tao, la vipande vya matumbawe vilivyochanganywa na simenti, likikaa lenyewe bila boriti. Yasimuliwa ya kuwa wengi walitabiri kwamba siku mbao za kushikilia zitakapoondolewa dari litaanguka. Mbao zikaondolewa. Dari halikuanguka. Zaidi ya miaka 140 imepita, na Jumba la Ajabu, fahari ya Sultani, sehemu yake kubwa iliporomoka mwaka 2020. Lakini dari la Mkunazini lingali juu.

Wageni waingiao humo huonyeshwa pia nguzo kadha zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa ya kuwa mafundi walizisimamisha hivyo siku ambazo Askofu hakuwako, naye aliporudi hakuzibomoa. Kama ndivyo ilivyokuwa, basi nguzo zile zafundisha somo. Kanisa halikujengwa na mtu mmoja. Lilijengwa na mafundi wa Unguja, na mikono yao ingali yaonekana, hata pale ilipokosea. Saa ya mnara, kama isimuliwavyo, ni zawadi ya Seyyid Barghash, Sultani Mwislamu, kwa kanisa la Kikristo. Na hilo latuonyesha ya kuwa mtu aweza kusimama katika imani yake bila kuvunja ujirani.

Tozer alijiuzulu mwaka 1873 kwa ajili ya afya yake. Tarehe 24 Agosti mwaka 1874, katika kanisa la Westminster Abbey, Steere akawekwa kuwa Askofu. Wengine wangalifikiri ya kuwa sasa atakaa na kuamuru. Mwishoni mwa mwaka 1875 alikuwa njiani kwa miguu, kutoka Lindi hata Mwembe, mji wa Mataka, mfalme wa Wayao. Alitaka kurudi katika shauri la kwanza la misheni, yaani nchi za ziwa Nyasa, lakini safari hii kwa njia aliyoieleza tangu zamani: kwa watu wa bara wenyewe.

Mwaka wa pili wake, 1876, alichukua kutoka Unguja watu zaidi ya 50, wanaume na wanawake waliokombolewa katika utumwa, akaenda nao bara kuwatafutia makao karibu na kwao. Walipofika Masasi, penye miamba mikubwa na maji mazuri, watu wakasema, Hapa panatosha, nchi hii yafanana na kwetu. Askofu alikusudia kwenda mbele zaidi. Akawasikiliza, akayaacha makusudi yake, mji ukaanzwa pale. Twaliandika jambo hili kwa sababu wakubwa wengi wana akili ya kupanga, lakini wachache wana akili ya kubadili mpango wao kwa neno la wale waliopangiwa.

Hata hivyo Masasi haikuwa hadithi ya raha. Watu waliokombolewa walikaa katikati ya makabila yaliyoishi kwa vita, nao walikuwa bila ngome. Septemba mwaka 1882 Wangoni, walioitwa huko Magwangwara, waliushambulia mji, wakaua, wakateka. Watu waliokwisha kuonja utumwa mara moja wakachukuliwa mara ya pili. Twajiuliza kama Steere angaliyaona hayo moyo wake ungalisemaje. Hakuyaona. Alikuwa amekwenda Uingereza mwaka huo, akarudi Unguja mwezi wa Agosti, na siku chache baada ya kushuka melini akafa usingizini, akiwa na umri wa miaka 54. Akazikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga, katika udongo wa soko la zamani.

Basi sasa tupime, kama wapimavyo waamuzi wa haki, kwa mizani yenye pande mbili.

Upande mmoja tuweke hivi. Kitabu chake cha sarufi kilipigwa chapa tena na tena, na wasomaji wake hawakuwa wamisionari peke yao. Kilisomwa na wafanya biashara, na baada ya mwaka 1890 kilisomwa na maofisa waliokuja kutawala. Mtawala aliyejua ngeli aliweza kusikiliza mashauri ya watu; aliweza pia kuwatoza kodi kwa lugha yao. Kisu ni kile kile, jikoni na vitani. Tena mwaka 1928, walipokutana Mombasa kuchagua Kiswahili cha vitabu na shule, walichagua Kiunguja. Na mojawapo ya sababu ni kwamba vitabu vya Kiunguja vilikuwapo tayari, vya Steere na vya A. C. Madan aliyemfuata. Watu wa Mombasa na Lamu, wenye hazina kubwa ya mashairi, waliona ya kuwa lugha yao imewekwa kando, na malalamiko yao yana haki ndani yake. Steere hakukusudia hayo. Lakini apandaye mti hachagui nani atakaa kivulini, wala nani atakosa jua kwa sababu yake.

Upande wa pili tuweke hivi. Wengi wa wageni wa siku zile walikuja na neno la kusema. Yeye alikuja na neno la kusema, lakini kwanza akajifunza kusikia. Wengi waliwakomboa watu wakawafanya watumishi wao. Katika wale watoto watano wa kwanza, mmoja aliyeitwa John Swedi alitiwa ushemasi mwaka 1879, na mwaka 1890, miaka minane baada ya Steere kufa, Cecil Majaliwa akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kutiwa ukasisi. Hoja iliyomkasirisha Livingstone mwaka 1864 ilichukua miaka 26 kujibiwa, nayo ilijibiwa na Waafrika wenyewe.

Na ile methali ya mwanzo? Twaona ya kuwa haikukosa. Steere hakushika mengi, alishika moja. Sheria ilimpa macho ya kuona utaratibu wa lugha. Lugha ilihitaji chapa. Chapa ilihitaji mikono. Mikono ilihitaji shule. Shule ilihitaji jengo. Na jengo likasimama pale ambapo watu walikuwa wakiuzwa. Kazi zake zilikuwa viungo vya mwili mmoja. Mtu mwenye vipaji kumi visivyofungamana huchoka kabla ya adhuhuri. Lakini mwenye vipaji hivyo vikiwa vyote vyatumikia kusudi moja, kila kimoja hukiongezea kingine nguvu. Tena hakukishika chochote peke yake. Mtambo aliwakabidhi wavulana, tafsiri aliwapa wenyeji waisahihishe, dari alilijenga na mafundi, na mji wa Masasi ulichaguliwa na waliokaa humo. Mkono mmoja haulei mwana.

Ndugu zetu walimu, katika habari hizi tumeona jambo moja la kufanya ambalo halitaki fedha wala mtambo. Katika kila mtaa wapo wazee wenye hadithi, na maneno, na majina ya mito na miti ambayo watoto wa shule hawayajui tena. Chukueni daftari mkaandike kama Steere alivyoandika: neno kwa neno, bila kulitengeneza ili lipendeze. Lakini tuongeze jambo moja. Katika wote waliomfundisha Steere Kiswahili na Kiyao na Kimakonde, ni wachache sana ambao majina yao twayajua, na wale watoto walioulizwa neno la mto na neno la mama wengi wametoweka kabisa, ingawa neno lenyewe limebaki kitabuni. Kwa hiyo mkiandika hadithi ya mzee, chini yake andikeni na jina lake, na jina la kijiji chake.